Mashariki ya Mwenyekiti

Kamati ya mazishi inaweza kuharibu hata shimo. Nimezaliwa Subukia, nimekaa na kamati hizo maisha yangu yote, na sijaona hata moja yenye akili.

Baba yangu alikuwa mwanafizikia. Kazi yake kubwa ilihusu dira, kile chombo cha sindano cha kuonyesha kaskazini. Chuma kikiwa karibu, dira hudanganyika, na meli zimejengwa kwa chuma. Baba alibuni kifaa cha kusahihisha kosa hilo, na manahodha wakakitumia baharini. Nyumbani walimwita mzee wa sumaku na kucheka ng'ombe wake waliokonda. Alipofariki, ghafla kila mtu alikuwa rafiki yake wa chanda na pete.

Aliniachia ombi moja: alazwe miguu ikielekea mashariki, kama wazee wa kanisa letu wanavyolazwa, ili siku ya ufufuo aamke akitazama jua.

"Mashariki kamili," aliniambia hospitalini, amenishika mkono. "Si ya kukisia." Nikamwahidi.

Alfajiri ya mazishi binamu yangu, mwenyekiti wa kamati, alifika na suti ya kumetameta. Akalaza simu yake, ikiwa ndani ya kifuniko chake cha sumaku, juu ya rundo la majembe na sululu. Akasoma dira ya simu, akatangaza mashariki. Mashariki yake ilielekea choo cha jirani. Jua lenyewe lilikuwa linachomoza kwingine, lakini nani huangalia jua siku hizi?

Nilisimama mbali na vyuma, nikamwonyesha dira ya baba.

"Sister, hiyo kitu ni ya kitambo," akasema. "Simu inaongea na satellite. Itadanganya aje?"

"Itoe tu kwa majembe."

"Usituletee sayansi hapa. Watu wako na njaa."

Nikamkimbilia mchungaji. Akanipigapiga bega, akasema Mungu anajua mashariki iko wapi. Wakachimba.

Mchana mwenyekiti alishika maikrofoni. "Huyu mzee ameonyesha meli za dunia nzima njia!" Makofi yakavuma. Nilimdharau, na bado ninamdharau.

Juzi kaburi liliwekwa simenti na vigae. Mwenyekiti alipima tena kwa simu ileile, akaridhika. Baba aliniomba kitu kimoja tu, nami nikashindwa na kifuniko cha simu.