Kiti cha Karibu na Dirisha

Walimwita Mama Funguo, maana funguo zilining'inia kiunoni mwake hata akienda sokoni. Kwa miaka kumi na tisa aliuza vitambaa katika maduka makubwa yaliyoenea nchi nzima. Miguu ilipoanza kuvimba kwa kusimama, kampuni ikampa kazi ya kutunza nyumba ya vyumba viwili ambamo mwenye maduka alianzia maisha, akiuza sabuni na mafuta ya taa kupitia dirisha la jikoni. Alifagia, akapangusa mizani, akawaeleza historia yake wageni waliokuja kuitazama. Sheria ilikuwa moja tu: kamba iliyozungushiwa vyombo vya zamani haivukwi. Aliyemtangulia alifukuzwa kwa kumruhusu bibi harusi akae kitandani apigwe picha.

Jumanne moja asubuhi akaingia mzee mwenye mkongojo, dereva wake akabaki nje. Mama Funguo alimtambua mara moja. Picha yake ilikuwa ukutani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kukaa pale kidogo." Alionyesha kiti cha mbao karibu na dirisha. "Mama alikuwa akinisubiri hapo mpaka nifunge."

Moyo ulimwambia afungue kamba. Mdomo ukasema mengine. "Baba, nipe dakika mbili nimpigie msimamizi."

Mzee akatabasamu. "Piga, mwanangu. Sheria ni sheria."

Alitoka uani kutafuta mtandao. Simu ilikatika mara tatu. Msimamizi alipopokea, alishangaa. "Sasa unaniuliza nini, dada? Si nyumba yake? Angekaa tu."

Alirudi mbio. Kamba ilikuwa palepale. Mzee alikuwa amechoka kusimama, akaenda zake; gari lilikuwa limeshaondoka.

Alimsubiri. Kila Jumanne alikipangusa kile kiti mara mbili. Wiki ya tano, redio ikatangaza msiba.

Huko msibani alimtafuta binti wa marehemu, akamweleza yote, machozi yakimlengalenga. Binti akamshika mkono. "Alitusimulia, mama. Alifurahi kwamba nyumba imepata mtu makini."

Yalikuwa maneno mazuri, ila hayakumwingia. Majuto ni mjukuu, watu husema. Huyu wake alihamia kabisa.

Siku hizi mgeni mzee akiomba kukaa, Mama Funguo humfungulia kamba bila kumpigia mtu simu. Msimamizi anajua, amenyamaza. Wazee hukaa, hupumzisha miguu, hushukuru. Yeye husimama mlangoni, haziitikii shukrani zao.