Tofali Lililoanguka Likabaki Zima

Huku kwetu Merigi tofali hupimwa kwa kudondoshwa. Mnunuzi huliinua hadi kifuani, huliachia, na likibaki zima anaita punda wa kubebea. Kipimo hicho tulikikuta kwa wazee wetu, na mimi nilijificha nyuma yake.

Ndugu yangu mkubwa alikuwa mpakiaji katika kiwanda kidogo kinachosaga makaratasi makuukuu kutengeneza tishu. Kilichobaki baada ya kusaga kilikuwa tope la kijivu lenye nyuzi fupi za karatasi, na kiwanda kililimwaga shimoni nyuma ya ua. Mvua ikinyesha lilinuka mpaka barabarani. Watu wengine walipita wakiziba pua. Yeye aliomba magunia kadhaa akaja nayo nyumbani.

"Hizi nyuzi zitashika udongo," aliniambia. "Halafu ndani ya tanuru zitajichoma zenyewe. Tutatumia kuni kidogo."

"Utajengea watu nyumba za tishu," nikamwambia.

Alicheka, akaendelea. Kila alipochoma matofali ya kujaribu, aliloweka moja ndani ya karai mpaka kesho yake, kisha akalibonyeza kwa kidole gumba. Madebe matatu ya udongo kwa moja la tope, tofali lilibaki gumu. Ukizidisha tope, lililainika. Basi akashika hiyo, tatu kwa moja. Matofali yake yalikuwa mepesi, na jiko alilomjengea mama yetu lilitunza joto hata asubuhi zile za baridi kali, mashamba ya chai yakiwa yamefunikwa na ukungu.

Jirani yetu, mama mmoja mjane mwenye ng'ombe wa maziwa, aliyaona akaagiza ya zizi la ndama. Wakati huo ndugu yangu alikwenda Sotik kumuuguza mama mkwe wake, akakaa huko zaidi ya mwezi. Kazi ikabaki kwangu. Udongo mzuri uko bondeni, na kuupandisha kwa wilbaro kunavunja mgongo. Tope lilikuwa hapo mlangoni. Nilichanganya nusu kwa nusu. Ningependa kuandika kwamba nilikosea hesabu, lakini nilijua. Nilikuwa nimechoka, basi.

Aliporudi alikuta matofali yameshachomwa na kupangwa.

"Uliloweka?"

"Nililoweka," nikasema.

Yule jirani akaja, akainua moja, akaliachia. Likadunda, likabaki zima. Kitu chepesi hakivunjiki kwa kuanguka, nami nilikuwa nikilijua hilo tangu nilipolishika.

"Mepesi kama mandazi!" akasema, akafurahi sana.

Mvua za masika zilipokuja ukuta ulikunywa maji. Safu za chini zililainika, na asubuhi moja ukuta ukamwangukia ndama, akafa. Tulipofika, ndugu yangu aliokota kipande, akakimega kwa vidole kama ugali uliolala. Ndani kulikuwa na vitundu vitupu, nyuzi zilikoungua. Alikitazama kipande, akanitazama mimi. Mimi nikamtazama ndama.

"Mama, nisamehe," akamwambia jirani. "Nitakujengea mwingine."

Alisema nitakujengea. Aliujenga kwa mikono yake, akampa na mtamba wake mmoja wa pekee. Mimi hakuniuliza kitu, siku hiyo wala siku nyingine.

Baada ya hapo hakuna aliyeagiza matofali tena. Kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, tunapopanga foleni na vikapu tukingoja lori, walimpa jina.

"Bwana Karatasi! Naona mawingu. Umefunika nyumba?"

"Jamani, msipige chafya karibu na jiko lake!"

Alicheka pamoja nao. Mimi nilisimama nyuma yake na kikapu changu, na mara moja, Mungu anisamehe, nilicheka pia.

Mwaka huu aliugua kifua, akafa. Kabla jeneza halijashushwa, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno na marehemu. Yule mama jirani akasimama.

"Aliniangushia ukuta, akanijengea mwingine. Nimemsamehe. Sina neno naye."

Watu wakasema amina. Nami nikasema amina.

Niliishi na hiyo amina siku nne. Siku ya tano nilimfuata yule mama zizini, akikamua, nikamwambia yote: nusu kwa nusu, na karai ambalo halikutiwa tofali. Hakuacha kukamua mpaka nikamaliza.

"Mimi nilimsamehe mbele ya watu wote," akasema. "Wewe unakuja kuniambia mbele ya ng'ombe?"

Akainua ndoo ya maziwa, akasimama.

"Nenda, kijana wangu. Wale waliomcheka unawajua wanaposimama."

Nilikwenda alasiri hiyo hiyo. Foleni ilikuwa ndefu, lori limechelewa. Niliweka kikapu chini. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, na sauti yangu ilitoka ndogo, ikabidi nirudie.

"Matofali ya ule ukuta niliyafyatua mimi. Yeye alikuwa Sotik. Nilimdanganya kwamba niliyaloweka."

Kisha mmoja wa wale watani wake akajaribu.

"Kwa hivyo Bwana Karatasi ni wewe?"

"Ni mimi."

Wachache wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa mbele kabisa, karibu na mizani, akageuka akaniuliza polepole:

"Na yeye alijua?"

"Alijua tangu siku ile alipokimega kile kipande."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Yule mtani aliinama akapanga majani ambayo tayari yalikuwa yamepangika. Lori likaja, tukainua vikapu, tukasogea.