Kipimo cha kwanza kilimkamata Yaya, kanisa likataka ushuhuda

Wakuu, salamu kutoka Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Mimi huwa nasoma tu humu, sichangii, aibu ni nyingi. Hili ni la nyumbani kwetu na limetokea kama nitakavyoeleza. Majina tu nimebadilisha.

Kanisani kwetu wachumba hawatangazwi mpaka wapime HIV. Yaya, dada yangu mkubwa, alipima kwenye kliniki moja ndogo.

Kit ya kwanza ikaonyesha positive. Ya pili, ya kuhakikisha, ilikuwa imeisha. Wakamwambia aende hospitali, mjini Mbarara.

Yeye alisikia "positive" tu. Mengine hayakuingia.

Habari ikafika kanisani. Bamama wa maombi wakaja kwetu, wakafunga na kuomba. Kisha mimi na Yaya tukaenda Mbarara.

Kule wakampima kwa kits mbili za aina nyingine. Zote negative. Yaya akakaa chini sakafuni, hakujali kitenge chake kipya.

Dada wa maabara, Mnyankore mcheshi wa huko huko, akamwambia:

"Nyabo, mama, simama. Hii kit ya kwanza iko kama mbwa ya nyumba. Mwizi akikuja, inabweka. Mgeni akikuja, pia inaweza kubweka. Ukisikia mbwa, unatoka kuangalia. Haupigi mtu."

Nikajikaza nikauliza, sasa kwa nini wanaitumia?

"Sababu haiachi mwizi apite. Lakini mahali wezi ni wachache na wageni ni wengi, itabweka sana bure."

Probability nimesoma shuleni. Sikuwahi kuielewa kama siku ile.

Tuliporudi, shida nyingine ikaanza. Bamama wakasema, "Mungu amekuponya, binti. Jumapili utatoa ushuhuda." Hata mchumba wake akasema atoe tu, ndoa isicheleweshwe.

Jumamosi jirani yetu, nimwite Mama Furaha, akaniita nyuma ya nyumba. Anakunywa ARV. Najua kwa sababu huwa namsindikiza kuzichukua kwenye kituo cha afya cha Base Camp.

"Mutoto wangu, muliomba namna gani? Na mimi nataka niache hizi vidonge."

Nilikwenda mbio kumwambia Yaya.

Jumapili Yaya akasimama mbele.

"Bapendwa, namushukuru Mungu. Lakini sikuponywa, kwa sababu sikukuwa mgonjwa. Kipimo cha kwanza kilibweka bure. Mwenye kukunywa dawa, aendelee kukunywa."

"Amina" ilitoka nyembamba. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Huyu ametunyima muujiza."

Jioni Mama Furaha akaja, akakaa jikoni kwetu. "Nipe maji, saa yangu ya vidonge imefika."

Nikampa kikombe kikubwa.

Nilichojifunza: positive ya kit moja si hukumu, uliza kama imehakikishwa. Na ikishahakikishwa, negative ya mtu mwingine haikuhusu. Dawa yako kunywa.

Wa maabara humu, nirekebisheni nilipokosea. Na nyinyi wengine, mngekuwa Yaya, mngesimama mkasema vile?