Barua ya Kuogesha Wagonjwa

Mjukuu wangu alichoka na kazi ya benki, akataka kuwa nesi. Si nesi wa kuanza na beseni kama wenzake, la. Alipata chuo kinachochukua watu wenye digrii za mambo mengine na kuwaingiza moja kwa moja kwenye shahada ya uzamili ya uuguzi. Chuo kilitaka barua ya mtu aliyemwona akihudumia wagonjwa. Akaniletea imeshaandikwa, nitie sahihi tu, kwa kuwa ndimi mkubwa wa akina mama wa kanisa wanaokwenda kwa zamu kuogesha wagonjwa.

Niliishia darasa la tatu, lakini polepole ninasoma. Barua ilisema ameogesha wagonjwa wetu miaka minne.

"Zamu yako ilipofika ulikuwa unafanya nini?"

"Nyanya, nilituma matunda kila mara."

"Kumbe machungwa ndiyo yaliyoogesha. Haya, nitajie jina la mgonjwa mmoja."

Akatazama simu. Mimi ninayakumbuka yote, hata ya waliokwisha kuzikwa.

"Eish, Nyanya, ni barua tu. Maombi yanafungwa Jumatatu."

"Leo Ijumaa. Kuna mama mmoja mtaa wa Berea, ghorofa ya saba, lifti imekufa. Hajaogeshwa tangu juzi."

Akaenda na kucha zake ndefu. Jioni alirudi amezikata, akalitaja jina la yule mama kabla sijamwuliza. Nikakata "miaka minne", nikaandika "siku moja", nikatia sahihi. Alinuna mpaka mlangoni, lakini barua aliichukua.