Opereta Asiye na Simu

Kwa miaka kumi na minane niliishika Changamwe yote kwa masikio. Macho yangu hayaoni tangu utotoni, lakini nilikuwa opereta wa simu katika kampuni ya malori, na wallahi hakuna sauti iliyonipita nisiijue. Dereva akivuta pumzi tu kule mpakani Malaba, mimi nishamwambia, "Karani wa mizigo kaenda kunywa chai, piga baadaye."

Wake wa madereva ndio walionipa raha.

"Shikamoo, baba. Huyo mtu wangu ashafika?"

"Marahaba. Kapita Mariakani, teleka wali."

Mpishi wetu wa chai, mama mmoja wa Likoni mwenye ulimi wa wembe, alikuwa akiniwekea kikombe na kusema, "Mume wa wake arubaini, chai yako hiyo."

Kisha ikaletwa simu inayojijibu yenyewe. Meneja, kijana mwenye huruma zake, akanishika mkono. "Mzee, hatukufukuzi. Kaa papo hapo, mshahara wako hauguswi. Pumzika."

Nikapumzika. Asubuhi nafunga tai, natoka kwangu Chaani, nafika kazini, nakaa. Saa kumi narudi. Majirani wakasema nimeangukiwa na nyota ya jaha. Nilinenepa mpaka kiti kikaomba uhamisho, na usingizi ukanihama. Nilitamani hata matusi. Kuna karani wa bandarini aliyekuwa akinitukana kila Jumatatu kwa kumchelewesha. Nilimkumbuka kama ndugu wa tumbo moja.

Siku moja, wakati wa chakula, nikaipigia kampuni yetu kwa simu yangu ya mfukoni, nikiwa mumo humo ndani. Sauti ya kike ikaniambia nibonyeze moja, nibonyeze mbili.

"Shikamoo," nikaiambia.

Ikarudia yale yale, moja na mbili. Mama wa Likoni alikuwa nyuma yangu. "Baba, huyo hana mtu ndani," akasema taratibu. Siku hiyo hakunitania.

Nikamwendea meneja. "Nipe kazi."

"Kazi ipi, mzee? Si unalipwa?"

"Nalipwa. Nataka kazi. Hata ya kuita madereva getini."

"Utagongwa na lori bure. Pumzika."

Mimi nilimaliza kidato cha nne katika masomo ya jioni, na ndevu zangu, na somo lililonikaa ni kuandika barua. Basi nikaketi kwenye kompyuta inayonisomea, nikaandika barua za kujaza meli: "Mshahara ninao. Natafuta kazi."

Wiki iliyopita nikapigiwa kutoka kiwanda kimoja cha upande wa Kisauni.

"Shikamoo, baba. Barua yako tumeipata. Ila nafasi ile inataka mwenye leseni ya udereva."

"Ya kupokea simu?"

"Ndivyo walivyoandika, baba. Pole."

Nikacheka, naye akacheka, kicheko chenye kikohozi mwishoni. Nyuma yake nilisikia vikombe, mtu akiuliza ufunguo wa stoo, na simu nyingine ikilia.

"Hiyo inayolia, unaipokea mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nani mwingine?"

"Ipokee basi, lakini usinikate. Niweke kando hapo, nisikilize tu."

Akaguna, akaniweka. "Haloo, karibu, nikuunganishe na nani?" alimwambia yule mwingine, na midomo yangu ikawa inasema pamoja naye.