Taa ya Kijani Nainokanoka

Hata leo nikisikia gari linapanda Nainokanoka, kijiji cha Wamasai kule juu Ngorongoro, natafuta kisingizio nibaki Karatu, maana aibu niliyoiacha kule naamini bado imekaa pale dukani inanisubiri.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Tangi la maji liko bondeni, saa nzima kwa miguu, na akina mama walikuwa wanashuka na punda wakikuta limekauka. Mimi fundi kompyuta (mtoto wa wakulima, najua mahindi kuliko ng'ombe) nikatengeneza kiboksi cha kupokea kipimo cha tangi kwa redio na kuwasha taa juu ya duka la kijiji: kijani maji yapo, nyekundu usijisumbue. Programu niliiandika kwenye laptop, na ili ikubali kwenye kiboksi lazima uiunganishe na maktaba ya kiboksi hichohicho, yaani zile kazi za msingi ambazo kila programu huziazima. Sasa asubuhi ya safari maktaba yenyewe inapakuliwa kwa kujikokota, dereva anapiga honi, nikasema liwalo na liwe, nikaunganisha na ya kiboksi cha mwaka jana iliyokuwemo tayari kwenye laptop, ikapita bila kunung'unika, nikafunga begi.

Kule nikawaeleza akina mama rangi zote mbili kwa madaha, nikawasha kijani kwa mkono kujaribu balbu, kisha nikaiamuru programu ishike kazi. Kiboksi kikajibu: faili halipo. Na faili naliona hili hapa. Nikalifuta, nikalirudisha, jasho linanitoka kwenye baridi ile (kumbe kisichokuwepo ni ile maktaba ya mwaka jana niliyoiunganisha, na mtandao wa kupakua iliyo sahihi hakuna). Nilipoinua kichwa, zaidi ya saa imepita, uwanja mtupu.

"Wameenda wapi?" nikamuuliza mwenye duka.

"Maji. Si umewasha kijani?"

Nikakimbia, nikakutana nao wanapanda, madumu matupu yanagongana juu ya punda. Hawakunitukana, na ningeshukuru wangenitukana. Yeyo Naserian, yaani Mama Naserian kwa Kimasai, mkubwa wao, anayechechemea mguu mmoja, akaniuliza tu, "Mwanangu, tangi ulilitazama?"

"Hapana, Yeyo."

Akanikaribisha chai kwake, mgeni haondoki hivihivi. Nikanywa, nikaisifu ilivyo nzito.

"Ni maziwa matupu," akasema. "Maji ya kuchanganyia ndiyo tuliyoyafuata."

Tangu hapo sitoki Karatu mpaka programu ifanye kazi kwenye kiboksi chenyewe, mezani, naiona. Dereva na apige honi mpaka betri imwishie.