Bibi wa Kizungu aliniita "crumpet" nikamnunia wiki tatu, kumbe ananisifia

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio nyumbani na mlio ughaibuni.

Naomba niweke wazi jambo lililonipata hapa Birmingham. Sijaongeza chumvi, na sehemu zinazonitia aibu nimeziacha kama zilivyo.

Mimi ni mtoto wa Morogoro, naishi Sparkhill, nafanya kazi ya care kwenye nyumba ya wazee kule Sutton Coldfield. Basi moja, treni moja, nimefika. Kuamsha wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kupiga nao stori.

Wanaoidharau hii kazi waje wapige shift moja tu.

Pale kuna bibi anaitwa Maureen, miaka themanini na moja, mwalimu wa hesabu mstaafu. Miguu imegoma ila kichwa kinachemka. Aliposikia nataka kuomba kozi ya uuguzi, na kwamba kuna mtihani wa hesabu, akaniambia kwa kifupi, "Bring a pencil."

Tangu hapo kila break yangu nilikuwa chumbani kwake. Asilimia, sehemu, vipimo vya dawa. Nikikosea ananigonga vidole kwa rula. Kweli kabisa, rula.

Sasa siku moja asubuhi nampelekea chai. Binti yake Alison alikuwa amekuja kumtembelea. Mlango uko wazi kidogo, nikamsikia bibi anamwambia:

"He's the thinking woman's crumpet, that one."

Binti akaangua kicheko.

Wakuu, crumpet naijua. Nawachomea wazee kwenye toaster kila asubuhi. Kwa ambao hawajaiona: chukua kitumbua, kikandamize kiwe bapa, halafu kitoboe uso mzima kwa njiti ya kiberiti. Ndiyo crumpet.

Na mimi sasa. Chunusi za kidato cha pili ziliniachia mashimo mashavu yote mawili. Shuleni waliniita Chujio. Mpaka leo nikipiga video call na mama naishika simu mbali.

Kwa hiyo sikuhitaji tafsiri.

Nikaweka chai mezani, nikatabasamu kikazi, nikatoka. Nikaingia stoo ya mashuka nikasimama humo kama dakika tano. Nilijiuliza, kumbe muda wote ananifundisha alikuwa anayahesabu mashimo?

Kesho yake nikamwomba manager anihamishie ghorofa ya juu, nikasingizia nataka kuzijua kazi za kule. Daftari la hesabu nikalisukumia chini ya kitanda. Nikajisemea na kozi yenyewe basi.

Wiki ya tatu akanibana dada Njeri. Huyu ni Mkenya wa Nakuru, anakaa Hodge Hill, tuko naye kazini, na mdomo wake hauna breki. Alinikuta chumba cha staff nakula.

"Wewe, mbona umeachana na Maureen? Kila siku ananiuliza, where's my student? Juzi hata chakula hakumaliza."

Nikamweleza kila kitu. Nilipofika kwenye lile neno akaweka kijiko chini.

"Ngoja. Alisema thinking woman's?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka akalaza kichwa mezani. Mimi nimevimba, yeye anafuta machozi.

"Kaka, hiyo si matusi! Hiyo ni slang ya wazee wao. Crumpet ni mtu anavutia. Ukiweka thinking woman's, ni ule mtu wanawake wenye akili wanamtaka. Amesema uko na sura na uko na kichwa. Na wewe umenuna!"

Sikuamini, nikatafuta mwenyewe kwenye simu. Iko hivyo hivyo. Ni msemo wa utani, wa zamani kidogo, vijana wao siku hizi hata hawautumii, na wengine wanaona si heshima. Lakini kwa bibi wa umri ule, ni sifa.

Mngedhani nilifurahi. Nilijisikia vibaya. Mtu mzima ananisifia mbele ya mwanawe, mimi nimemwadhibu wiki tatu bila hata kumwambia kosa lake.

Nikashuka hadi chumbani kwa Maureen. Nikavuta kiti nikamwambia yote, mpaka la Chujio, kwa Kiingereza changu hiki hiki.

Akaniomba radhi, akasema alidhani nimechoshwa na rula. Natafsiri alivyomalizia:

"Macho yangu ni mabovu, kijana. Hayo mashimo sijawahi kuyaona. Ila suala la sura sikuliamua peke yangu, meza nzima ya chai tulipiga kura."

Nilicheka huku machozi yananitoka.

"Na la akili," akasema, "nimefundisha maisha yangu yote. Sifa hiyo siigawi ovyo. Penseli yako iko wapi?"

Maombi ya kozi nilishayatuma kabla ya kununa, na kufikia mtihani zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Tulikimbizana nazo. Mtihani nikaufanya, nikapita. Ikafuata interview, watu watatu mbele yangu, na kwa mara ya kwanza nikaongea bila kuinamisha uso.

Majibu yametoka wiki iliyopita. Nimepata nafasi, naanza Septemba.

Barua nilimpelekea Maureen. Akavaa miwani, akaisoma mara mbili, akaikunja taratibu. Halafu akafungua ukurasa mpya wa daftari, akasema hesabu za kozi ni ngumu kuliko za mtihani, nikae chini tuanze.

Nilichojifunza wakuu: kidonda kilikuwa changu, nilisafiri nacho kutoka Moro. Yule bibi hakukigusa, nilikitonesha mwenyewe, na nusura kinikoseshe kozi.

Nanyi mlio ugenini, ni neno gani la wenyeji mlilipokea kwa ubaya kumbe halikuwa hivyo? Shusheni hapa, nasoma zote nikiwa kwenye treni.

Wenye matusi pia karibuni, ila siku hizi nauliza maana kwanza ndipo ninune.